Nanga ya Siku Saba

Wewe, ukifumbua macho asubuhi, kabla hujashusha mguu chini, unajuaje kwamba aliyeamka ni wewe?

Usinijibu upesi. Mimi swali hilo nimekaa nalo miaka arobaini na mitatu, nikisuka, na bado sijalimaliza. Shule nilisoma hadi darasa la nne. Nikajua kusoma barua, kuandika jina langu na kujumlisha, nikaambiwa basi, inatosha. Hakuna mwalimu aliyeniuliza jambo hilo. Aliyeniuliza ni mji wetu, na mji wetu ukiuliza hauondoki mlangoni mpaka upate jibu.

Mji wenyewe uko juu ya uwanda mweupe, mkavu, tambarare kama sinia. Ukiutazama uwanda kwa muda mrefu unaanza kuhisi wewe ndiye unayetazamwa. Hatuna mto, hatuna ziwa, na hakuna mtu wetu aliyewahi kuona maji yasiyoenea kwenye ndoo. Hata hivyo tuna neno nanga. Wazee walilitoa huko walikotoka, wakalibeba neno na kitu chenyewe wakakiacha, kama mtu anayehama akachukua ufunguo na nyumba akaiacha nyuma. Neno lilipofika kwetu halikuwa na kazi. Likakaa kaa, likatafuta, mwisho likajishikiza kwenye mwili wa mtu.

Maana kwetu watu huteleza. Sisemi kuanguka. Nasema kuteleza ndani ya siku. Unalala una miaka thelathini, unaamka una tisa, unadai uji wa ulezi na kulia kwamba nguo zimekuwa kubwa. Au unaamka mzee kuliko mama yako. Au unaamka sawasawa, ila siku ndiyo imeteleza: Jumatano imepita, watu wamefua, wameanika, kisha Jumatano hiyo hiyo inarudi kwa kuwa imesahau kitu, na nguo zinakutwa chafu. Tumezoea. Ukikaa mahali pa namna hiyo unajifunza kutoshangaa mbele ya wageni.

Kuteleza kidogo hakuna neno. Hatari ni kuteleza usirudi. Wale wasiorudi huanza kuutazama uwanda wakati wa kula. Kisha wanasahau kukaa. Kisha siku moja unawaona kule mbali, wamesimama kwenye weupe, wembamba, wanatetemeka kama hewa ya juu ya jiko, na ukiita jina hakuna anayegeuka kwa sababu jina halina mwenyewe tena.

Ndiyo maana tunatiana nanga.

Nitakueleza inavyofanywa, maana jambo hili watu hulifanya vibaya, na mimi ndiye wa kwanza kulifanya vibaya. Mtoto akitimiza siku arobaini, mama anamsubiri afurahi. Hamfurahishi kwa nguvu, anamsubiri. Furaha ya mtoto inapanda kama maziwa jikoni, na mama lazima aione inavyopanda. Ikiwa karibu kumwagika, hapo hapo, si kabla na si baada, anabonyeza kwa kidole gumba kifundo cha kidole cha kati cha mkono wa kushoto wa mtoto, anampitishia jani la mrehani puani, na anamwambia neno moja, upo. Vitu vitatu kwa pamoja. Ukichelewa, furaha imeanza kushuka, utakuwa umefunga mshuko. Ukifanya vizuri, basi maisha yake yote, siku akiteleza, mtu yeyote wa nyumbani akikibonyeza kile kifundo na kumnusisha mrehani, ile furaha inapanda tena mwilini, na yeye anapanda nayo hadi anatufikia. Watu wazima utawaona barabarani wakijibonyeza wenyewe, wanajifanya wanakunja ngumi.

Na nanga haitiwi mara mbili. Hiyo ni sheria. Ulichokifunga siku hiyo ndicho mtu atakachorudishiwa hadi kufa.

Sasa nikuambie habari za binti yangu.

Jina lake ni Sikudhani, nasi twamwita Siku. Alizaliwa mdogo, rangi ya majivu, halii. Mkunga alikuwa Bi Mashavu, jirani yangu hadi leo. Alimshika mtoto kwa mkono mmoja kama mtu anayepima kiazi, akamgeuza, akasema, "Saba."

Nikamwuliza, "Saba nini?"

"Siku. Huyu atakaa siku saba."

Akanawa mikono, akaenda zake, kwa kuwa kulikuwa na mwanamke mwingine mtaa wa pili.

Kwetu neno la kwanza kusemwa juu ya mtu huandikwa kwenye daftari la Nyumba ya Makadirio, na hilo nalo watu huliita nanga, ingawa hakuna anayelibonyeza. Mimi naliona ni kigingi. Umewahi kumwona mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi? Anakula majani huku, anakula kule, anajiona anatembea, lakini ukisimama juu ya dari ukamtazama utaona duara, na katikati ya duara utaona kigingi. Siku saba zilipita na mtoto hakufa. Watu wakasema, basi, nyingine saba. Zikapita. Wakasema wiki saba. Alipotimiza miaka saba walikuja kwetu wakiwa tayari wamejifunga nguo za msiba, wakamkuta anaruka kamba, wakaona haya, wakanywa chai wakaondoka. Mwalimu wake akikisia atapata ngapi, anaanzia saba anapanda kidogo. Anayemkatia nguo anakata ndogo. Mtu akimpakulia chakula, mkono unasita wenyewe. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alijua saba si kweli tena, na kila mmoja alijitahidi kwenda mbali nayo, akafika kwenye nane, akafika kwenye tisa, kamba ikamrudisha.

Hata mimi. Kazi yangu ni kusuka mikeka. Ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, unaanza na miyaa, majani ya mkindu yaliyochanwa, unayoishika vidoleni mwanzo. Ukianza na tisa utakuwa na upana wa tisa, ukianza na kumi na tatu utapata mpana, wa heshima. Mimi tangu azaliwe yule mtoto, nikishika miyaa bila kufikiri, nikija kuangalia, saba. Mikeka ya nyumba yangu yote ni ya kili nyembamba, mishono mingi, unaweza kumjua anayeishi humo kwa kutazama chini tu.

Siku naye alijifunza kutaka kidogo. Halafu akajifunza kutotaka. Nilikuwa nikimwuliza, "Siku, ule wali au ugali?"

"Chochote tu, mama."

"Khanga ipi, ya manjano au hii nyekundu?"

"Yoyote tu."

Alikuja mtu kumposa, fundi mzuri wa milango, mpole, ana meno yote. Nikamwuliza binti yangu. Akasema, "Vyovyote." Yule bwana alikaa sebuleni akalichunguza lile neno kama bawaba iliyopinda, kisha akasema taratibu kwamba vyovyote si jibu linalotoka kwa mtu, akachukua kofia yake.

Basi asubuhi ninayokusimulia, Siku aliamka kabla yangu, akaja akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mwanangu," akaniambia, "umekula?"

Nilikuwa na miaka sitini na minane. Lakini aliniuliza kwa sauti ya mama yangu, kwa ile namna ya mama yangu ya kumalizia swali kwa kushusha, na kwa kitambo niliangalia miguu yangu nikaona haifiki chini.

"Bado, mama," nikasema.

Usicheke. Mtu akiteleza mbele yako na wewe unateleza kidogo. Nilipojirudisha, nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa yamepita begani kwangu, yametoka dirishani, yako kwenye uwanda.

Hiyo ilikuwa mara ya nne mwezi huo. Na alasiri ya siku hiyo hiyo angekuja Mkadiriaji.

Juu ya kila mlango wa mji wetu kuna nyuzi, uzi mmoja kwa kila mtu wa nyumba, na katika uzi fundo la jina lake. Mtu akizidi kuteleza, Mkadiriaji anakuja na mkasi. Anafungua daftari, anasoma neno la kwanza, anakadiria kilichobaki. Akiona hakijabaki kitu anakata uzi, na tangu saa hiyo hatuliiti tena jina lile. Ni kwa faida yake, wanasema, maana anayeitwa huku na kuvutwa huku anateseka. Kuna kinga moja tu. Mkadiriaji lazima amwulize mwenyewe, unataka nini? Akijibu kwa kinywa chake kitu anachokitaka, kiwe kikubwa kiwe kidogo, mkasi unarudi mfukoni. Sheria inasema anayetaka kitu yupo. Nimeifikiria sana hiyo sheria. Mawe hayataki. Waliosimama kule kwenye weupe hawataki. Labda kutaka ndio mguu ambao mtu amesimamia, na hiyo mingine miwili ni ya kutembelea tu.

Na binti yangu, kati ya watu wote, hakuna alichowahi kukitaka mbele yangu.

Ungeniambia, Bi Zuwena, si umbonyeze kifundo? Ndivyo kila mtu alivyoniambia. Wote walikuwa wamembonyeza: shangazi zake, majirani, mwalimu, hata yule mposaji siku ya kwanza, kwa adabu. Na kila akibonyezwa alirudi, ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nikitazama vitu vidogo, ndiyo tabia yangu. Alikuwa akirudi na uso wa mtu aliyepelekewa habari. Mabega juu. Pumzi fupi. Na kila mara alikaa nasi muda mfupi zaidi kuliko mara iliyotangulia, mithili ya mgeni aliyeambiwa akirudi atapigwa.

Mimi nilijua kwa nini. Nilikuwa nikijua kwa miaka arobaini na mitatu. Nitafika hapo, niache nifike kwa miguu yangu.

Asubuhi ile sikukigusa kile kifundo. Nilimketisha kwenye mkeka, nikaketi mbele yake, goti kwa goti, nikamwambia, "Siku, tuanze na macho. Nitajie vitano unavyoviona."

Hili sikufundishwa na mtu. Nililigundua mwenyewe katika zile siku saba, nilipokuwa namlinda asife na mwenyewe nateleza kwa kukosa usingizi. Niligundua kwamba mtu akiacha kutafuta alipo moyoni akatafuta alipo chumbani, chumba kinamshika. Nikalitumia mimi, sikumpa yeye. Yeye, nilijiambia, ana nanga yake.

Aligeuza kichwa taratibu. Kisha:

"Kikapu. Hakina mshikio.

Ukucha wako. Umepasuka.

Nzi, juu ya mfuniko wa sufuria. Anasugua mikono kama mtu anayesubiri ubwabwa.

Mwanga, umelala mlangoni, umejikunja.

Kiatu kimoja."

"Vinne unavyovigusa."

"Mkeka. Mishono mingi, mama, inaniumiza kisigino. Nywele shingoni. Goti lako. Hewa, hii ya chini ya mlango, baridi."

Aliponiita mama nilitaka kulia, nikajizuia, kwa sababu kulia kungemvuta tena.

"Vitatu unavyovisikia."

"Kuni. Mtu anakohoa nje. Na wewe unahesabu."

Kweli nilikuwa nikihesabu, midomo inacheza, sina habari.

"Viwili unavyovinusa."

"Moshi. Mafuta ya nazi kichwani kwako."

"Kimoja ulimini."

Alifikiri muda mrefu kuliko kote. "Chumvi," akasema. Akanitazama, mimi hasa, si bega langu. "Nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mama yangu."

"Nilikulisha?"

"Uliniuliza tu."

"Basi sikuwa mama mbaya," akasema, na akaanza kuwasha jiko.

Aliyekohoa nje alikuwa Bi Mashavu. Huja kwangu kila siku kabla ya adhuhuri, na hubisha akiwa ameshaingia.

"Hodi. Bi Zuwena, umeniwekea nini?"

"Kivuli."

"Kivuli hakishibishi. Siku, mwanangu, nisaidie nikae. Polepole. Hilo goti si langu, nimeliazima."

"Leo una miaka mingapi, shangazi?" Siku akamwuliza.

"Tangu asubuhi nina thelathini na mitano," alisema Bi Mashavu, akiteremka sakafuni kama mzigo wa kuni, "lakini magoti hayajapata habari."

Tulikula, sisi watatu. Nilipika mihogo kwa nazi, na nilimpakulia Siku, na mkono ukasita, nikaulazimisha ukaongeza kijiko, akala nusu. Halafu tukasubiri. Jua lilishuka, likapanda kidogo kama lililosahau, likashuka tena.

Bwana Ngoda alikuja alasiri, amevaa koti, amechoka. Huyu ndiye Mkadiriaji. Usimchukie, mimi simchukii. Baba yake alikuwa Mkadiriaji na mama yake ni mmoja wa waliosimama kule uwandani, na inasemekana uzi wake aliukata yeye. Alivua viatu. Alikunywa maji. Aliweka mkasi juu ya mkeka, ndani ya kitambaa, kwa heshima, akafungua daftari.

"Sikudhani binti Zuwena," akasoma. "Neno la kwanza: saba."

"Bwana Ngoda," nikasema, "mwanangu ana miaka arobaini na mitatu."

"Namwona, bibi. Ni mtu mzima, Mungu amshike. Lakini mimi siwezi kuanza hewani, naanzia palipoandikwa. Hapa pana saba." Alisugua macho. "Kwa kuwa amekaa vizuri leo, naweza kukupa siku nane. Tisa nikijikaza."

Na unajua nilifanya nini? Mimi, niliyeamka asubuhi nimekusudia kumdai maisha mazima ya binti yangu, yasiyo na mwisho wa kuandikwa. Nilifungua mdomo, na ulimini nikakuta kumi. Nilikuwa tayari kusema kumi, na kushukuru. Nilikisikia kigingi mguuni, wazi kabisa, kwa mara ya kwanza. Nikaufunga mdomo.

Nikamgeukia jirani yangu. "Bi Mashavu. Ile saba uliitoa wapi?"

"Ipi?"

"Ya mtoto huyu. Ulimtazama ukasema saba. Uliona nini? Rangi? Pumzi? Miaka yote hii sijakuuliza."

Bi Mashavu alitafuna, ingawa chakula kilikwisha zamani. Aliangalia dari. Nikaona uso wake ukizeeka hadi umri wake halisi, na kupita.

"Vifaranga," akasema.

"Vifaranga gani?"

"Vyangu. Mliponiita nilikuwa uani navihesabu. Kuku alikuwa ameangua, nikavihesabu mara mbili, maana kimoja kilikuwa kinajificha chini ya mama yake. Saba. Nikaja kwako naikariri njiani nisisahau. Nikamshika mtoto, nikaona ni mdogo, nikajua lazima niseme kitu, mnanitazama wote. Saba ndiyo iliyokuwa mdomoni." Akavuta ushungi. "Ningehesabu viazi ingekuwa arobaini."

Bwana Ngoda aliiweka kalamu chini. Mimi nilikuwa naona miaka yote ile, nguo za msiba, khanga ndogo, kijiko kinachosita, mikeka yangu ya kili nyembamba, yote imefungwa kwenye mguu wa kifaranga.

Kisha nikasikia sauti nisiyoijua. Siku alikuwa anacheka.

Ilianza puani. Akaizuia kwa kiganja, ikapitia machoni. "Kimoja kilikuwa kinajificha," akasema, na hakuweza kumaliza, mabega yakaanza. "Shangazi. Je, kama usingekiona kile kimoja?"

"Ungekufa siku moja kabla," Bi Mashavu akasema, na yeye akaanza kutikisika.

Furaha ilikuwa inapanda. Niliiona kwa macho yangu, kama maziwa, inakuja juu. Bwana Ngoda naye aliiona, akasogea mbele. "Bibi," akaninong'oneza, "mbonyeze sasa. Sasa hivi. Imkamate hapo, nimwulize, aseme, niende zangu."

Kidole gumba changu kilikuwa kimeshafika. Kimetangulia chenyewe. Kilikuwa juu ya kifundo cha kidole chake cha kati, hakijagusa, upana wa mwaa mmoja tu. Na nikamwona Siku: bado anacheka, lakini bega la kushoto limeanza kupanda.

Nikaurudisha mkono.

"Siwezi," nikasema. "Nanga yake haina furaha ndani. Mimi ndiye niliyemtia, na nilimtia vibaya."

Nikawaambia. Sasa nakuambia na wewe. Sikungoja siku arobaini, kwa kuwa niliambiwa ana saba. Siku ya saba, alasiri kama ile, mtoto amelala kifuani, hapumui vizuri, na mimi nina kamba ya ukindu ambayo nilikuwa nafunga fundo kwa kila saa aliyonipa. Nikasema, akienda bila nanga hata kule hatakuwa na kitu cha kushika. Basi nikambonyeza. Nilimbonyeza kwa hofu yangu yote, nikamnusisha mrehani, nikamwambia upo, na sikuwa naamini kwamba yupo. Alishtuka, akalia kwa mara ya kwanza. Nje nikawaambia watu kwamba amecheka. Mtoto wa siku saba. Wanawake wenye watoto tisa tisa walinitazama, na hakuna aliyesema kitu, kwa kunionea huruma. Tangu hapo kila aliyetaka kumrudisha mwanangu kwa upendo amekuwa akimrudisha kwenye ile alasiri, kifuani kwa mwanamke anayemhesabia saa.

Kamba ile ya ukindu nilikuwa nayo bado, pindoni mwa khanga. Nikaitoa. Imekauka, mafundo mia na kitu, meupe. Nikaiweka juu ya mkeka, kando ya mkasi.

Kicheko kilikuwa kimeshuka. Kilishuka taratibu, chenyewe, bila kufungwa popote, kikaisha kama mvua ndogo. Bi Mashavu alikuwa anafuta macho. Nilifikiri, nimeipoteza. Ile moja niliyongoja maisha yangu yote imepita mkononi nikaiacha ipite. Lakini nilipomtazama Siku, bega lilikuwa chini.

Bwana Ngoda alikohoa. "Sheria ni sheria," akasema, si kwa ukali. "Saba imekuwa hewa, na sina pengine pa kuanzia kukadiria. Sikudhani. Unataka nini?"

Aliangalia dirisha, na uwanda ulikuwa pale, mweupe, hauna haraka.

"Sikudhani," mara ya pili. "Unataka nini?"

Nilitaka kumwambia, sema chai. Sema khanga. Sema yule fundi wa milango, hata kama ana mke na wajukuu, sema tu. Nilitaka kumtajia vitano, vinne, vitatu. Mikono yangu niliikalia, mmoja chini ya kila paja, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyekatazwa kushika vitu vya watu. Nikasikia midomo yangu inaanza: moja, mbili, tatu, nne, pumzi zake, kama zamani. Nikaiacha nne pale pale. Sikwenda tano. Hujui jinsi chumba kinavyokuwa kikubwa usipojua ni pumzi ya ngapi.

Mkono wa Bwana Ngoda ulikuwa juu ya kitambaa. "Sikudhani," akasema, mara ya tatu, kwa sauti ya chini sana. "Unataka nini?"

Binti yangu aligeuza uso kutoka dirishani. Aliutazama mkasi, akaitazama kamba yenye mafundo, akanitazama mimi nilivyokaa juu ya mikono yangu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu kamili. Niliiona yote usoni, hakuna hata mmoja uliopungua.

"Nataka ukae na mimi, mama," akasema. "Ndicho nilichokitaka siku zote. Ukae tu. Usinibonyeze. Usihesabu."